Plagi nyeusi, namba ya njaa: taa ya cheki injini ya Hilux inayorudi kila siku ya tatu

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi nauza vinywaji kwa jumla, naishi Mbezi. Nina Hilux dabo kebini ya mwaka 2006, petroli, injini 2.7, ilitokea Dubai. Taa ya cheki injini iliwaka mwezi wa nne, wiki chache baada ya kuchomelea eksozi iliyokuwa inapiga kelele. Fundi alipima kwa mashine ikaja P0171, akabadilisha sensa ya oksijeni. Taa ikazima, siku ya tatu ikarudi. Tukaweka sensa nyingine, vilevile. Akabadilisha plagi zote nne (za zamani alinionyesha, zilikuwa nyeusi tii) na kusafisha nozeli. Ikarudi. Asubuhi inalia tik-tik-tik dakika kadhaa, ikipata moto inanyamaza, nikaambiwa ni tapeti, vile vyuma vya kusukuma valvu. Mafuta inakula kuliko zamani. Fundi wa pili anasema kontroboksi, yaani kompyuta ya injini, imekufa, nitafute ya mtumba. Wa tatu anasema nikate waya wa taa nipumzike. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Kontroboksi usinunue, na waya wa taa usikate. Nimeisoma barua yako mara mbili na naona jibu umeshaliandika mwenyewe bila kujua. Limejificha kwenye mabano, pale uliposema plagi zilikuwa nyeusi tii.

P0171, kwa lugha ya gereji, ni injini kulalamika kwamba hewa ni nyingi na mafuta ni kidogo. Inalia njaa. Sasa plagi iliyotoka kwenye injini yenye njaa ya mafuta haiwi nyeusi. Inakuwa nyeupe-nyeupe, kama imepakwa chokaa. Plagi yenye masizi meusi makavu imetoka kwenye injini inayomwagiwa petroli kuliko inayoweza kuiunguza. (Ikiwa nyeusi yenye kung'aa na kulowa, hiyo ni oili, na ni ugonjwa mwingine kabisa. Muulize fundi wako kama anakumbuka.) Kwa hiyo kompyuta ya gari lako inalia njaa na tumbo limevimbiwa. Mmoja kati ya hao wawili amedanganywa, na plagi ni vigumu kuidanganya. Inakaa ndani ya moto wenyewe, inatoka na rangi ya kile ilichokiona.

Ili uone nani amedanganywa, fuata hewa tangu inapoingia. Inapita kwenye chujio, kisha kwenye sensa ya hewa, ambayo ni waya mwembamba unaopashwa moto kwa umeme. Hewa ikipita inaupoza, na kwa kuangalia umeme unaohitajika kuurudishia joto lake, kompyuta inajua zimeingia gramu ngapi. Kwa kila gramu 14.7 za hewa inatakiwa kutoa gramu 1 ya petroli, basi inafungua nozeli za kupulizia petroli kwa sehemu chache tu kati ya elfu moja za sekunde, moto unawaka, moshi unatoka. Kwenye eksozi, kabla ya masega (kile kisafisha moshi chenye vitundu vingi kama sega la nyuki), imekaa sensa ya oksijeni inaunusa huo moshi. Ikikuta oksijeni imebaki nyingi, inatuma umeme mdogo, kama volti 0.1. Ikikuta haikubaki kitu, inatuma karibu volti 0.9. Kompyuta nayo inaongeza au kupunguza petroli kidogo kidogo, kama mpishi anayeonja mchuzi na kijiko mkononi.

Zingatia hapa, maana ndipo pesa zako zilipopotelea. Ile sensa haijui petroli. Haijawahi kuiona. Inajua oksijeni tu. Oksijeni ikiwa nyingi mbele yake, iwe imetoka ndani ya injini au imeingia kwa mlango wa uani, taarifa yake ni ileile: mafuta hayatoshi. Sensa ni kama balozi wa nyumba kumi. Amekwenda kusema alichokisikia mtaani, ninyi mkamvua ubalozi, mkaweka mwingine, naye akasema yaleyale. Mkamvua na huyo. Ugomvi wa mtaani uko palepale, na mabalozi wawili wazima wamekaa bila kazi. Hiyo sensa iliyokuja na gari, kama fundi hajaitupa, idai. Huenda ni nzima kuliko zote mbili mlizonunua.

Sasa kuhusu kurudi siku ya tatu, kwa sababu najua hilo ndilo lililokuchosha. Kila fundi ameonekana mkombozi kwa siku mbili, halafu aibu.

Kosa la aina hii kompyuta haiwashii taa mara ya kwanza inapoliona. Inaliandika kwa penseli. Ukizima gari, ukaliwasha tena, ukaendesha na kosa likaonekana kwa mara ya pili mfululizo, hapo ndipo inawasha taa. Tena, kabla ya kufika huko, inajitahidi kwanza kutibu yenyewe. Ina hesabu mbili za marekebisho ya mafuta: ya papo hapo, ambayo kwenye skrini ya mashine imeandikwa STFT, na ya muda mrefu, LTFT. Kwenye injini yenye afya zote mbili zinacheza karibu na sifuri, na hata kumi juu au kumi chini si neno. Kompyuta ikiambiwa "njaa, njaa", inaongeza asilimia 5, 10, 18, mpaka inafika kama 25 au zaidi, inaona imeongeza kiasi cha kutosha na bado inaambiwa njaa, basi inakata tamaa na kuwasha taa. Fundi anapofuta kosa kwa mashine, au anapochomoa waya wa betri, marekebisho yote yanarudi sifuri. Gari linaanza kujifunza upya kuanzia alifu. Kutoka Mbezi hadi Kariakoo na kurudi, foleni ya Ubungo katikati, siku mbili zinatosha kabisa kupanda ngazi yote hiyo mpaka juu. Siku ya tatu taa inawaka. Hakuna kilichotengenezwa na hakuna kilichoharibika upya. Ni muda wa kompyuta kuhesabu tu.

Na hapo una jibu la mafuta kuliwa. Marekebisho yakiwa asilimia 25 na injini kwa kweli haikuwa na njaa, kwa kila lita nne ulizostahili kutumia unamwaga na ya tano. Hiyo ya tano ndiyo iliyopaka masizi plagi zako, na nyingine inakwenda kuungulia ndani ya masega. Masega yakipikwa hivyo kwa miezi yanaweza kuyeyuka na kuziba, na utaletewa namba nyingine, P0420, ile ya masega kushindwa kazi, na kuuziwa kitu kingine.

Basi oksijeni ya uongo inaingilia wapi? Umesema mwenyewe. Eksozi ilikuwa inapiga kelele, ikachomelewa, wiki chache baadaye taa ikawaka, na asubuhi kuna tik-tik-tik inayokwisha gari likipata moto. Dada yangu, hiyo si tapeti. Siwezi kula kiapo bila kuliona gari, lakini ningekuwa mtu wa kubeti ningeweka pesa zangu kwenye ufa au gasketi iliyopasuka kati ya kichwa cha injini na ile sensa ya oksijeni.

Watu wanashangaa. Eksozi inasukuma moshi nje, sasa hewa itaingiaje ndani kwa ufa? Inaingia, kwa sababu moshi hautoki kama maji ya bombani, unatoka kwa mapigo. Silinda moja inapiga, kunakuwa na msukumo. Kabla nyingine haijapiga, msukumo unashuka hata chini ya hewa ya nje, na kwa sehemu ndogo ya sekunde ule ufa unafyonza. Puu, fyoo, puu, fyoo. Ile "puu" ndiyo tik unayoisikia. Ile "fyoo" huisikii, lakini sensa inaisikia vizuri sana. Gari likipata moto chuma kinatanuka, ufa unajibana, sauti inanyamaza. Kunyamaza si kuziba. Upenyo wa unene wa unywele unatosha kuharibu hesabu yote gari likiwa limesimama linaunguruma, hali ambayo sisi gereji tunaiita sailensi.

Tapeti hulia kwa mwendo wa injini pia, ndiyo maana watu wanachanganya. Tofauti utaipata kwa sikio na kwa jicho: tapeti inalia juu, chini ya kava la valvu, kavu kama cherehani, ufa wa eksozi unalia pembeni, upande wa manifoldi (yale mabomba yanayopokea moshi kutoka kwenye kichwa cha injini), na ukikanyaga mafuta gari likiwa na mzigo inakuwa tap-tap-tap nzito zaidi. Na unaacha alama. Tazama kwa tochi kwenye maungio. Palipo na michirizi ya masizi meusi au ya kijivu inayotoka kama miale, ndipo.

Nikuambie kilichonifundisha. Mwaka wangu wa pili tangu nifungue gereji Buguruni, ililetwa pikapu ya mzee mmoja muuza nazi kutoka Mkuranga. Namba ileile, P0171. Nilikuwa nimetoka VETA Chang'ombe na kichwa kimejaa, mashine nimenunua kwa mkopo, nikaamini kila ilichoandika. Nikaweka sensa. Nikaweka nyingine nikidhani ya kwanza ni feki. Nikashusha tangi nikabadilisha pampu ya mafuta. Mzee analipa, anaondoka, anarudi, hasemi neno baya, na hilo ndilo lililoniuma. Siku ya nne kijana wangu wa spana alikuwa chini ya gari akitafuta soketi iliyoanguka, gari linaunguruma, akapiga kelele kwamba kitu kimempulizia mkono. Ilikuwa gasketi ya flanji, pale vipande viwili vya eksozi vinapoungana, imeliwa sehemu ndogo kama punje ya mchele. Gasketi ile ilikuwa bei ya chakula cha mchana. Pampu nilimrudishia mzee pesa yake kwa awamu tatu.

Sasa mambo ya kufanya. Gari lilale nje usiku, lisiguswe. Asubuhi fundi aje kwako, usimpelekee wewe, kwa sababu ukiendesha hadi gereji litakuwa limepata moto na ufa umejificha. Mafundi wako watatu wote, nina hakika, wameliona gari likiwa la moto. Liwashwe likiwa baridi, boneti juu. Mmoja asikilize upande wa manifoldi, mwingine aende nyuma na kitambaa kinene kilicholoweshwa akizibe kinywa cha sailensa kwa sekunde tatu nne, si zaidi, aachie. Msukumo ukiongezeka, ufa unapiga mluzi au tik inakuwa kubwa. Mikono mbali na manifoldi, hata asubuhi inachemka upesi kuliko unavyodhani.

Kama hamsikii, kuna njia ninayoipenda zaidi. Gari likiwa limezimwa na baridi, chukua blowa au kompresa ya upepo mdogo, pulizia kwenye kinywa cha sailensa huku pembeni mmezungushia kitambaa, kisha nyunyiza maji ya sabuni kwenye maungio yote kuanzia kichwa cha injini hadi ilipo sensa. Povu litachemka palipo na tundu. Chupa ya kunyunyizia nguo maji wakati wa kupiga pasi inatosha. Wakati mmeinama hapo, angalieni hasa ile sehemu iliyochomelewa. Kama aliyechomelea aligusa manifoldi ya chuma cha kumimina kwa fimbo ya kawaida ya kuchomelea geti, ufa hurudi pembeni mwa weldi kwa sababu chuma kile hakipendi kupashwa na kupozwa ghafla. Kuchomelea tena ni kujisumbua. Tafuta manifoldi nzima, ya mtumba haina ubaya, mradi uso wake umepimwa kwa rula ya chuma na uko sawa. Kama ni gasketi tu, badilisha gasketi, na boliti zikazwe kuanzia katikati kwenda nje.

Neno moja kuhusu kuchomelea, maana mitaani kwetu hata fundi wa madirisha anachomelea magari: kabla ya weldi ya umeme, waya hasi wa betri uchomolewe, na klempu ya ethi ya mashine ibane karibu kabisa na panapochomelewa. Umeme wa weldi ukitafuta njia kupitia kompyuta na sensa, hapo kweli utatafuta kontroboksi.

Nirudi kwenye namba, kwa sababu sitaki uniamini kwa maneno tu. Mwambie fundi asifute chochote. Kabla ya kufuta, asome picha ya kumbukumbu ambayo kompyuta ilijipiga sekunde kosa lilipothibitika: mzunguko wa injini ulikuwa ngapi, joto la maji, mwendo, mzigo. Watu wanafuta hiyo kama mtu anayedeki damu kabla polisi hawajafika. Kisha, gari likiwa limepata moto, aandike LTFT na STFT mara tatu: sailensi, mzunguko 2,500 kwa dakika gari limesimama, na barabarani likipanda mlima na mzigo. Kwenu Mbezi milima si ya kutafuta. Una simu ya Android? Vifaa vidogo vya bluetooth vya kuchomeka chini ya dashibodi vipo Kariakoo, na mara nyingi vinaisoma Hilux ya umri huo. Kisiposoma si kosa la gari. Tumia mashine ya fundi.

Kama marekebisho ni makubwa kwenye sailensi, tuseme 28, na yanashuka hadi 8 au 5 mzunguko ukifika 2,500, basi kuna hewa ya wizi. Lakini hapa mafundi wengi wazuri wanateleza: ufa wa eksozi na ufa upande wa kuingizia hewa vyote vinatoa namba za sura hiyo hiyo. Mashine haitakutenganishia. Plagi ndizo zitakazotenganisha. Hewa ya wizi ikiingia upande wa mbele, ile njaa ni ya kweli, kompyuta ikiongeza mafuta inasawazisha, plagi zinabaki rangi ya kahawia nyepesi au nyeupe. Ikiingia kwenye eksozi njaa ni ya uongo, mafuta yanayoongezwa ni ziada, plagi zinakuwa nyeusi. Zako mpya zimeshatembea muda gani? Chomoa moja uitazame. Kama imeanza kuvaa kanzu nyeusi, kesi karibu imekwisha.

Gari lako likiwa na sensa ya pili nyuma ya masega, kuna shahidi wa ziada. Tazama volti zake injini ikiwa ya moto, mzunguko umeshikiliwa 2,500. Kama ya mbele inang'ang'ania njaa na ya nyuma imeganda 0.7 au 0.8 ikisema shibe, hao wawili wananusa moshi wa injini moja na hawawezi kupingana hivyo kama hakuna kitu kinachomvuruga wa mbele. Baadhi ya Hilux za 2.7 zilizouzwa Afrika hazina kabisa masega wala sensa hizi. Yako inayo, vinginevyo wasingekuwa na cha kubadilisha.

Kuna jambo moja la sensa mlizonunua ambalo linaweza kuendeleza kosa hata baada ya ufa kuzibwa, kwa hiyo lichunguze. Toyota wametumia aina mbili mahali pale pale: sensa ya oksijeni ya kawaida, na sensa ya uwiano wa hewa na mafuta. Kwa macho ni pacha, uzi wake unaingia, soketi inaweza kuingia, lakini zinaongea lugha mbili. Ukiweka isiyo yako kompyuta itasikia maneno isiyoyaelewa siku zote. Namba ya spea ilinganishwe na ile ya zamani, herufi kwa herufi, si kwa muuzaji kusema "hii inaingia Hilux zote". Kujua kama sensa ya kawaida ni hai ni dakika moja: injini ya moto, pulizia kidogo sana dawa ya kusafishia kabureta kwenye njia ya hewa huku ukitazama volti. Ikiruka hadi 0.8 au 0.9 na kurudi, ni hai.

Haya, tuseme nimekosea. Eksozi imebana kama ngoma, povu hakuna, plagi mpya ni za kahawia. Wahuni wengine ni hawa, kwa mpangilio ambao mimi ningewatafuta kwenye gari la umri huo.

Mpira mkubwa wa hewa kati ya sensa ya hewa na throtoli. Una mikunjo kama akodioni, na joto la Dar linaupasua chini, kwenye bonde la mkunjo, usipopaona. Ukute na mpira wa kushikia injini umechoka: ukikanyaga, injini inainama, mpira unavutika, ufa unafunguka, lakini gari likiwa limesimama kila kitu kinaonekana kizima. Uvue, uukunje mkononi kwenye mwanga. Kisha mipira midogo ya vakyumu, hasa wa kutoa hewa chafu ya oili, ule wa servo ya breki, na gasketi ya manifoldi ya kuingizia. Hata kifuniko cha oili kisichokaza au kijiti cha kupimia oili kisichokaa vizuri kinaweza kuleta hili.

Sensa ya hewa yenyewe ikichafuka inahesabu hewa pungufu, kompyuta inatoa mafuta pungufu, na marekebisho yanakuwa makubwa kila mahali, siyo sailensi tu. Injini ya 2.7 ikiwa ya moto, sailensi, bila AC, isome karibu gramu 3 kwa sekunde. Ni kipimo cha gereji, si cha maabara. Isafishwe kwa dawa yake maalumu, isiguswe kwa kitambaa wala kidole. Na kama una desturi ya kuosha chujio la hewa kwa mafuta ya taa ili lidumu, acha; ule mvuke wa mafuta unakwenda kuganda kwenye waya wa sensa, na vumbi la barabara za mitaani kwenu linashika hapo.

Marekebisho yakiwa ya kawaida sailensi halafu yanapanda kadiri unavyokanyaga na kubeba, hiyo ni pampu au chujio la petroli. Mpime presha kwa geji, na geji ibaki imefungwa wakati gari linavuta, maana pampu iliyochoka huonyesha presha nzuri ikiwa haina kazi. Wafanyabiashara wengi wa pikapu mna mazoea ya kuweka mafuta ya safari moja moja, taa ya mafuta inawaka kila jioni. Pampu inakaa ndani ya tangi na inapozwa na petroli hiyohiyo. Ukiiacha juu ya matope ya chini kila siku, unaiua taratibu.

Kontroboksi nimeiacha mwisho kwa makusudi. Inakufa mara chache mno kuliko inavyosingiziwa, na ikifa kawaida haitoi kosa moja lenye adabu linalorudi kila siku ya tatu. Inakataa kuongea na mashine, au inatoa makosa ya sensa saba kwa wakati mmoja, au gari haliwaki. Hata hapo, kwanza ni fyuzi, ethi, na soketi zilizoingiwa na maji masika au waya zilizotafunwa na panya. Kontroboksi ya mtumba inaweza kukataa ufunguo wako kama gari lina ulinzi wa ufunguo, na utabaki na gari lililopaki.

Waya wa taa ukiukata, siku ambayo kosa litakuwa la kweli hutaambiwa. Kuna hali moja taa hiyo haingoji: ikianza kupepesa badala ya kuwaka tu. Hapo injini inamisi vibaya, yaani silinda inaruka bila kuunguza, petroli mbichi inaingia kwenye masega na yanawaka moto. Ondoa mguu, simama pembeni, usiseme nifike kwanza Bagamoyo.

Mkishapata ufa na kuuziba, ndipo mfute kosa, mara hii kwa haki. Safari tatu mfululizo bila kosa zingetosha taa izime yenyewe hata bila kufuta, lakini kufuta kunarudisha marekebisho sifuri ili uone yanavyojijenga upya. Endesha wiki moja kama kawaida yako, foleni, mlima, mzigo. Usitazame taa, tazama LTFT kila jioni. Ikikaa ndani ya 10, mmemaliza, na kituo cha mafuta utaona tofauti kabla ya wiki ya pili. Ikianza tena kupanda, 12, 16, 19, usingoje taa. Niandikie zile namba tatu, sailensi, 2,500 na mlimani, pamoja na rangi ya plagi ya silinda ya kwanza, tuendelee hapo.